Mashine ya boti yako umeifunga, au umeiweka tu?

Leo siasa na mpira naviweka pembeni. Nataka tuongelee jambo ambalo huku kwetu Mwanza linaweza kumtia mtu umaskini wa usiku mmoja: mashine kuzama ziwani wakati boti yenyewe inabaki inaelea salama kabisa.

Ilitokea kwetu. Mjomba ana mtumbwi wa mbao wa kuvulia dagaa. Alipiga kasia miaka na miaka, mwishowe ndugu wakachanga, nyingine akakopa, akanunua mashine ya HP 15, mtumba. Mimi nilikuwa nimemaliza form four nasubiri matokeo, nikawa natoka naye usiku wa giza (mbalamwezi ikiwaka taa haziwavuti dagaa vizuri, ndo maana wavuvi hupumzika). Asubuhi moja tunarudi, ziwa limechafuka kidogo tu, nikamwambia, "Mjomba, mashine inacheza." Akanijibu, "Kaa chini wewe, nimeikaza mwenyewe." Haikupita muda wimbi likatunyanyua, mashine ikachomoka kwenye ubao, ikaenda. Kimya! Tulipiga kasia mpaka saa sita mchana. Deni likabaki, na hela iliyokuwa inategemewa iwe ada yangu ya chuo ikaenda kulipia deni.

Toka siku hiyo nimekuwa nawasumbua mafundi wa boti kwa maswali. Haya ndo niliyoelewa.

Mashine nyingi ndogo zinakuja na vibano viwili vya kuzungusha kwa mkono, vinavyobana ule ubao wa nyuma, kwenye tezi. Wengi tunaishia hapo. Shida ni kwamba mashine ikiunguruma inatetemeka muda wote, na kitu chochote cha kuzungusha kikitetemeshwa kinalegea kidogo kidogo. Halafu pangaboi likisukuma boti mbele kule chini, sehemu ya juu ya mashine inavutwa kurudi nyuma, kama mtu anayeng'oa msumari. Kitu cha kilo kama 40 kinang'ang'ania vibano viwili masaa matatu manne! Kwa hiyo vibano kaza kabla ya kutoka, na ukishakwenda kama nusu saa zima, kaza tena.

Lakini dawa yenyewe ni bolti. Angalia ule mkono wa chuma unaokaa kwenye ubao, mara nyingi utaona matundu yametobolewa tayari kiwandani. Hayo sio mapambo. Unatoboa ubao hapo, unapitisha bolti kutoka nje, nati inakaa ndani. Chini ya nati weka washa pana, au bora zaidi kipande cha bati nene, la sivyo nati inajizamisha kwenye mbao na baada ya mwezi inacheza tena. Tundu lenyewe lijaze silikoni kabla ya kupitisha bolti. Wengi wanaruka hapa kwa sababu wana haraka ya kuingia majini! Maji yakipenya kwenye tundu, ubao unaoza kwa ndani huku nje rangi inang'aa. Ubao wa mjomba tulipouchoma na bisibisi baadaye, iliingia kama kwenye mkate. Hata vibano vingekazwa vipi, vilikuwa vimebana uozo.

Kabla hujatoboa, pima urefu. Mashine zina mguu mfupi, unaotakiwa kwenye ubao wa kimo cha sentimita 38 hivi, na mguu mrefu wa sentimita 51 hivi. Juu ya pangaboi kuna kibati bapa. Kikae sawa na tumbo la boti au chini yake kidogo, sentimita mbili tatu. Kikiwa juu sana pangaboi linameza hewa, mashine inalia na boti haiendi. Kikiwa chini sana unachoma petroli bure.

Mwisho kabisa kwa mashine ni mnyororo. Usiufunge kwenye ubao uleule, maana ubao ukivunjika vyote vinaondoka pamoja. Ufunge kwenye taruma, zile mbavu za boti, na uwe mfupi kiasi kwamba mashine ikichomoka kichwa chake kisizame. Mnyororo na bolti vinamchelewesha na mwizi pia, na wezi wa mashine ziwani mnawajua wenyewe.

Betri za taa nazo. Siku hizi wengi tumeacha karabai tunatumia taa za LED na betri ya volti 12. Nimeona betri imewekwa tu sakafuni karibu na dumu la petroli... jamani! Ikipinduka nyaya zikagusana cheche zinaruka. Itengenezee sanduku la mbao lililopigiliwa, ifunge na mpira wa tyubu, weka fyuzi karibu na betri, na dumu likae mbali nalo limefungwa.

Nyavu ni kinyume chake. Mashine isifunguke kamwe, ila kamba ya nyavu lazima uweze kuiachia haraka ikinasa, na kisu kiwe mahali ambapo mkono unakifikia gizani. Nanga kamba yake ifungwe omo, sio tezi, kwa sababu ukitia nanga nyuma mawimbi yanaingia palepale ubao ulipo mfupi na mashine ilipo nzito.

Wadau wa Tanga, Mafia, Lamu, nyie wa maji chumvi, bolti za chuma cha kawaida kwenu zinaliwa na kutu haraka. Mnatumia zipi, na mnazibadilisha baada ya muda gani? Andikeni hapo chini, mafundi wa huku wananiuliza.

Mjomba bado anapiga kasia. Bolti nne za mashine ijayo nimeshanunua, ziko kwenye kopo chini ya kitanda changu.