Kuitafuta Historia ya Kituo cha Zamani cha Zimamoto

Wananchi wanaoishi jirani na majengo makongwe ya Serikali hupenda kujua jengo fulani lilianza lini na lilitumika kwa kazi gani. Kituo cha zimamoto kina ugumu wake. Kikosi kinapohamia jengo jipya huchukua magari na mipira ya maji, na madaftari huachwa nyuma yakawa chakula cha mchwa. Makala haya yanaeleza njia zinazofaa kufuatwa hapa Zanzibar.

Shahidi wa mwanzo ni jengo lenyewe. Mipira ya zamani ilitengenezwa kwa turubai, nayo ikikunjwa ingali na maji huoza. Kwa sababu hiyo vituo vingi vya kale duniani vilijengewa mnara wa kuitundikia hadi ikauke, na mnara huo huo ulimwezesha mlinzi kuona moshi unapotokea. Mtafiti aangalie pia mlango mpana uliozibwa kwa mawe, sakafu ya saruji nene iliyobeba gari, au tundu katika dari lililopitisha nguzo ya kuteremkia, mtindo ulioanzia Chicago mwaka 1878. Hata hivyo asiwe mwepesi wa kuhukumu. Katika Mji Mkongwe mlango mpana huenda ulikuwa wa ghala tu.

Baada ya jengo, yafuatwe maji. Mabomba yaliyoleta maji mjini kutoka Chemchem yalitandikwa zama za Sayyid Barghash, aliyetawala kati ya mwaka 1870 na 1888. Upande wa Ng'ambo nyumba nyingi zilikuwa za udongo na makuti, nazo zimesongamana, hata cheche moja iliweza kuvuka mapaa kadhaa kabla ndoo ya kwanza haijafika. Ramani ya mwaka 1892 na mpango wa mji ulioandaliwa na Lanchester mwaka 1923 zinafaa kulinganishwa. Jengo lisiloonekana katika ramani ya mwanzo na likaonekana katika ya pili, limekwisha kutoa nusu ya jawabu.

Nyaraka za Taifa, Kilimani, zinahifadhi mafaili ya Sekretarieti ya zamani pamoja na Gazeti Rasmi, lililoanza kutolewa mwaka 1892. Hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema, kwani hutafuta neno "zimamoto" peke yake. Katika miji mingi iliyokuwa chini ya Waingereza kazi ya kuzima moto ilikuwa mikononi mwa polisi au ya baraza la mji, hivyo habari zake huweza kuwa katika mafaili ya polisi, ujenzi, maji na hata afya. Mintarafu ya umiliki, Kamisheni ya Wakf iulizwe, na ikumbukwe kwamba baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ardhi yote ilifanywa mali ya Serikali.

Wazee wa mtaa wasiulizwe mwaka. Waulizwe kama gari la zimamoto lilikuwapo kabla ya majumba ya Michenzani, yaliyojengwa katika miaka ya 1970, nani alikuwa akipiga kengele, na moto upi wanaoukumbuka. Majibu yaandikwe kwa maneno yao wenyewe, pamoja na tarehe ya mazungumzo.

Linabaki suala la madaftari, nalo linawahusu zaidi watumishi. Daftari la matukio la kituo huonyesha saa ya taarifa, mtaa ulioungua na askari waliokwenda. Mara nyingi ndiyo kumbukumbu pekee ya familia iliyopoteza nyumba, kwa kuwa mtu wa kawaida hakuandikwa kwingine. Ofisi inaposafishwa, daftari la namna hiyo lisichomwe wala lisiuzwe kwa wafungaji wa njugu. Mkuu wa ofisi aliorodheshe, aliweke mahali pakavu na awaarifu maofisa wa Nyaraka, Kilimani, ambao watalikagua kabla ya uamuzi wowote kuchukuliwa.