Kiyoyozi Kisipopoza: Chujio Kwanza au Fundi Kwanza?

Kuanzia Desemba hadi Machi mvua hukatika mjini Juba, na upepo huinua vumbi jekundu la barabara zisizo na lami katika mitaa kama Gudele na Munuki. Vumbi hilo hutua sahanini na kitandani, na penye kiyoyozi huvutwa moja kwa moja ndani ya mashine. Joto nalo si la mzaha. Mwezi Machi 2024 serikali ilifunga shule zote nchini kwa sababu ya joto, na Februari 2025 ikazifunga tena kwa wiki mbili baada ya wanafunzi kuzirai mjini Juba. Kwa hiyo mwenye nyumba ambaye kiyoyozi chake kimeanza kupuliza hewa vuguvugu hana subira, na asiye na subira hutozwa ghali.

Tuchukue mfano wa nyumba ya koplo mwenye watoto wanne. Mashine haipozi, barafu imetanda ndani yake, na maji yanachuruzika ukutani. Anaitwa fundi, naye kabla hajafungua hata kifuniko anasema gesi imekwisha. Huenda asema kweli. Lakini gesi ya kiyoyozi si kama dizeli ya jenereta, ambayo huungua ikamalizika. Gesi hii huzunguka humo humo ndani ya mabomba yaliyozibwa. Ikipungua, basi ipo mahali inapovujia, na fundi anayejaza bila kutafuta mahali hapo ataitwa tena kwa kazi ile ile. Isitoshe, barafu kama hiyo hutokea pia chujio likiziba, kwa kuwa hewa ya chumbani haiyafikii vya kutosha mabomba yenye baridi, na unyevu huganda juu yake. Dalili ni moja, sababu ni mbili: moja huondolewa kwa beseni la maji, nyingine kwa mshahara ambao wenyewe aghalabu huchelewa.

Inafaa basi kuanza na beseni. Umeme uzimwe kwanza, na kama nyumba inatumia jenereta, swichi kuu izimwe pia. Kifuniko cha mbele kikifunuliwa, chujio huonekana: wavu mwembamba wa plastiki ambao mafundi huuita filta. Uoshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, bila kusuguliwa kwa brashi ngumu, kisha uanikwe kivulini, maana jua la Juba huupinda. Maji yanayoletwa na magari kutoka mto Nile yaachwe kwanza yatuame, yasije yakajaza tope pale palipotolewa vumbi. Wakati wa kiangazi, kila baada ya wiki mbili si mara nyingi mno. Kununua chujio jipya hakuna haja, ila kama wavu umetoboka. Katika nchi za baridi, ambako tanuri moja hupasha nyumba nzima, vichujio vingi ni vya karatasi na hutupwa. Hivi vyetu vimetengenezwa vioshwe. Kuiwasha mashine bila chujio, hata kwa usiku mmoja, ni kuyakaribisha matope ndani.

Barafu ikishayeyuka na chujio kurudishwa, mashine iachwe ifanye kazi kama nusu saa. Upepo ukitoka kwa nguvu na ukiwa baridi, fundi hana kazi hapo. Upepo ukiwa dhaifu ingawa chujio ni safi, au ukinuka uvundo, uchafu umeganda kwenye feni na kwenye mapezi ya alumini yaliyo nyuma ya chujio. Hapo ndipo fundi aitwe aoshe ndani, na fedha hiyo haipotei. Upepo ukiwa na nguvu lakini hauna baridi, itazamwe kwanza mashine ya nje kama haikuvaa vumbi, na umeme kama si hafifu. Gesi ifuate baada ya hayo, na fundi aonyeshe inapovujia.

Wizara ya Nishati ya Marekani imekadiria kwamba kuweka chujio safi mahali pa chafu huweza kupunguza umeme wa kiyoyozi kwa asilimia 5 hadi 15. Kwa anayewasha jenereta usiku kucha, hiyo ni dizeli.

Maofisi na mahoteli makubwa yenye mashine moja na mifereji ya hewa darini huwa na swali lao: je, mifereji yote isafishwe? Kazi hiyo ni ya gharama, na wanaoiuza huahidi afya njema. Idara ya Marekani inayosimamia mazingira inasema haijathibitika kwamba kusafisha mifereji huzuia maradhi. Inashauri isafishwe panapoonekana ukungu, panya au wadudu, au vumbi lililoziba njia. Huko nako chujio hutangulia.

Mvua zikianza Aprili vumbi hupungua, na tatizo huhamia kwenye bomba dogo la kutolea maji, ambalo huota utelezi na kuziba. Maji yakidondoka ndani ya nyumba majira hayo, kabla ya kumwita mtu yeyote, bomba hilo lizibuliwe kutoka upande wa nje.