Deni la Luther na Bustani ya Katharina

Mtumishi wa Kanisa aliyeelemewa na madeni huambiwa neno moja kila aendako: rudi shambani. Neno hilo ni jema, nasi wenyewe tumelisema mara nyingi, pengine kwa haraka mno. Kabla ya kulisema tena, yafaa tuitazame nyumba ya Martin Luther na mkewe Katharina von Bora kule Wittenberg, kwa maana nayo iliingia katika deni ikarudia jembe na zizi.

Walioana tarehe 13 Juni 1525. Wote wawili walikuwa wametoka katika utawa, ambako mtu hana fedha yake mwenyewe, na Luther hakujifunza kamwe kushika hesabu. Mshahara wake baada ya ndoa ulikuwa gulden 200 kwa mwaka. Vitabu vyake vilienea Ujerumani yote, lakini hakupokea malipo kwa wachapaji. Mwanzoni mwa 1527 alikuwa anadaiwa zaidi ya gulden 100, na vikombe vitatu vya thamani vilikuwa vimewekwa rehani kwa gulden 50. Asili ya deni hilo haikuwa anasa. Luther alitoa bila kuhesabu, tena aliwadhamini watu wengine, hata rafiki yake mchoraji Lucas Cranach akakataa kumpokea tena kuwa mdhamini. (Wachungaji waliotia sahihi mikopo ya jamaa zao wataelewa jambo hili bila kufafanuliwa.)

Katika siku hizo Luther aliagiza mbegu za bustani na vyombo vya kukerezea mbao kutoka Nuremberg, kwa nia kwamba, ikiwa ulimwengu hautawalisha kwa ajili ya Neno, wajilishe kwa mikono yao. Lakini kukereza hakukuwalisha. Aliyeiokoa nyumba ni Katharina. Aliyageuza majengo ya monasteri ya zamani kuwa makao ya wanafunzi waliolipia chumba na chakula. Alitengeneza bia, iliyokuwa kinywaji cha kila siku cha watu wa nchi ile. Alipanda mboga na matunda, akafuga samaki bwawani, na kuchinja nguruwe wake mwenyewe. Mwaka 1540 walinunua kwa gulden 610 shamba la Zülsdorf, lililokuwa mali ya ukoo wake, mwendo wa siku mbili kwa gari la farasi. Mali ilipoorodheshwa kwa ajili ya kodi mwaka 1542, zizini walikuwamo ng'ombe 5, ndama 9 na nguruwe 8.

Je, huku kulikuwa kurudia nadhiri ya umaskini kwa mlango wa nyuma? La, hasha. Luther alikuwa amekwisha kufundisha kwamba ufukara wa kujitakia haumpi mtu haki mbele za Mungu. Kubana matumizi nyumbani mwake kulikuwa sehemu ya wito, yaani kazi ya kumhudumia jirani. Kwani mezani walikula watoto wao, yatima wa ndugu, wageni na wakimbizi. Katika Katekisimo Ndogo ya 1529 alieleza ombi la nne la Sala ya Bwana kwa namna iyo hiyo: mkate wa kila siku ni pamoja na nyumba, shamba, mifugo na fedha. Lakini orodha iyo hiyo inataja pia serikali njema na majirani waaminifu. Basi anayejitegemea hajawa mtu asiyemhitaji mtu.

Na hapa ndipo tunapojikwaa. Nyumba ile haikusimama kwa jembe peke yake. Majengo yalitolewa na mtawala wa Saxony, na sehemu kubwa ya bei ya Zülsdorf ilikuwa zawadi yake. Mshahara uliendelea kulipwa. Tena kazi nzito ilikuwa ya mama, pamoja na watumishi wake. Usharika ukisema, "Mchungaji ana migomba na mbuzi, mshahara unaweza kungoja," umegeuza bustani ya mama mchungaji kuwa mfuko wa usharika, wala hakuna aliyemwuliza mama huyo. Twaona kosa hili ni kubwa kuliko deni lenyewe.

Liko pia swali la ardhi. Mchungaji alimaye uwanja wa usharika hupanda parachichi ambazo mwingine atazichuma. Akifariki, mjane wake huondoka na masufuria. Luther alilitambua hilo. Sheria ya Saxony ilimpa mjane haki chache, naye katika wosia wa 1542 alimwandika Katharina kuwa mrithi wake. Wosia huo haukufuata taratibu za wanasheria, hivyo ulihitaji kuthibitishwa na mtawala.

Luther alifariki tarehe 18 Februari 1546. Mwaka ule ule vita vilianza, na Katharina akakimbia mara mbili. Aliporudi Wittenberg mwaka 1547, mashamba yalikuwa yameharibiwa na mifugo haipo. Alikopa kwa kuweka ardhi rehani, akafungua tena vyumba kwa wanafunzi, akamwandikia Mfalme Christian III wa Denmark kuomba msaada zaidi ya mara moja. Alikuwa na umri wa miaka 48, na alianza tena kupanda.