Barua za Mwanafalsafa na Sanduku la Nachingwea

Mwezi wa Juni, mvua za kusini zikiwa zimekwisha na barabara imekauka, mwalimu mmoja wa sekondari alinichukua hadi kwenye nyumba iliyo njiani baina ya Nachingwea na Ruangwa. Mwenye nyumba alikuwa mjane wa mwalimu wa shule ya msingi. Tulipokwisha amkiana naye na kunywa uji, alituagizia sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na barua mia mbili na kitu, zimefungwa mafungu kwa nyuzi za mkonge. Mchwa walikuwa wamekwisha kuingia pembe moja. Fungu moja halikuwapo kabisa. Bibi alitueleza, bila kuficha, kwamba wajukuu walikuwa wakilitumia kuwashia moto. “Mimi sijui kusoma, wanangu,” alisema. “Nilijua tu kwamba marehemu hakupenda ziguswe.”

Mwalimu aliyenipeleka alitaka wanafunzi wake wa kidato cha tatu waziorodheshe. Aliniuliza kama kazi hiyo ni sayansi au ni ukarani. Makala haya ni jibu langu kwake.

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu nchini Ujerumani nilipata bahati ya kuonyeshwa barua za Gottfried Wilhelm Leibniz, mwanafalsafa na mwanahisabati aliyezaliwa mjini Leipzig mwaka 1646 na kufariki Hannover mwaka 1716. Mtu huyu aliandika na kuandikiwa barua zipatazo 15,000 zilizohifadhiwa hadi leo, na idadi ya watu aliokuwa akiandikiana nao ilizidi 1,000. Wengi wao aliwaandikia kwa Kilatini na Kifaransa, wengine kwa Kijerumani. Alipokufa, watu wa mtawala wake walizitia lakiri karatasi zake zote, maana alikuwa mshauri wa serikali, nao waliogopa siri za nchi zisitoke. Kwa hiyo woga wa watawala, wala si heshima kwa elimu, ndio uliozifanya barua hizo zisitawanyike. Hata hivyo zilikaa zaidi ya miaka 170 kabla mkutubi Eduard Bodemann hajachapisha orodha yake mwaka 1889. Uamuzi wa kuchapa maandishi yote ya Leibniz ulifanywa mwaka 1901, juzuu ya kwanza ikatoka mwaka 1923, na kazi hiyo bado inaendelea. Mwaka 2007 shirika la UNESCO liliziingiza barua hizo katika daftari la kumbukumbu za dunia.

Msomaji ataniuliza sanduku la mwalimu wa kijijini lina uhusiano gani na hayo. Uhusiano upo, nao umo katika maswali ambayo mworodheshaji hana budi kuiuliza kila barua, ikiwa ni ya mwanafalsafa au ya karani wa mizani.

Tuanze na tarehe. Tarehe 24 Oktoba 1676, kwa kalenda ya Uingereza, Isaac Newton aliandika barua ndefu ya hisabati impelekee Leibniz kwa mkono wa Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society ya London. Barua hiyo haikumfikia Leibniz mpaka katikati ya mwaka 1677. Baadaye wafuasi wa Newton walimshitaki Leibniz kwamba ameiba kanuni za kalkulasi, yaani hesabu ya mabadiliko ambayo wanafunzi wa kidato cha tano wanaijua vema kwa uchungu wake. Hapo likazuka suala la nani aliona barua ipi na siku gani. Orodha iliyoandika “1676” peke yake ingempotosha hakimu. Kwa sababu hiyo mworodheshaji mzuri hutenga nafasi mbili, moja ya siku barua ilipoandikwa na nyingine ya siku ilipopokewa. Tena kalenda zenyewe hazikulingana. Nchi za Kiprotestanti za Ujerumani zilifuata kalenda ya zamani hadi mwaka 1700, zikaruka kutoka 18 Februari hadi 1 Machi. Waingereza wakangoja mpaka 1752.

Katika sanduku letu tatizo ni lile lile ila limevaa kanzu. Baba yake marehemu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na barua zake zina hati ya Kiarabu na tarehe za Hijria. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, hivyo unausogelea na kuupita mwaka wa jua. Wanafunzi walifundishwa kanuni hii: chukua mwaka wa Hijria, zidisha kwa 0.970224, kisha ongeza 621.5774. Mwaka 1308 utatoa 1890.63, na sehemu ile ya desimali ikizidishwa kwa miezi 12 itaonyesha kwamba mwaka huo ulianza kiasi cha katikati ya Agosti 1890. Jedwali za wataalamu zinasema 17 Agosti. Nilifurahi kuwaona vijana wanaochukia hesabu wakigombania kalamu.

Mwaka huo sikuuchagua ovyo. Ndio mwaka ambao Machemba, kiongozi wa Wayao katika uwanda wa juu wa Makonde, alimwandikia Hermann von Wissmann barua kwa Kiswahili akikataa kwenda pwani kujisalimisha. Machemba hakushindwa upesi. Ni mwaka 1899 tu alipovuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Mwanafunzi akitaka kumtafuta katika majalada ya Wajerumani akaandika “Machemba”, huenda asipate kitu, kwa kuwa makarani wao waliandika “Matschemba”. Vivyo hivyo Wamwera ni “Wamuera”. Nazo herufi za Kiarabu za asili hazina p, wala ch, wala v, na alama moja hutumika kwa e na i, nyingine kwa o na u. Basi jina moja laweza kusomwa kwa njia nne, na zote zikawa na hoja.

Kusini kuna jambo la ziada ambalo vitabu vya maktaba vya Ulaya havikutufundisha. Kijana akitoka jandoni hupewa jina jipya, na la zamani haliitwi tena. Akibatizwa huongeza jingine, na akiajiriwa karani humwandikia jina la baba kana kwamba ndilo lake. Katika sanduku hili mtu mmoja alijitokeza kwa majina matatu, na wanafunzi walikuwa wamemhesabu kuwa watu watatu hadi mmoja wao alipogundua kwamba wote watatu wanadai deni lile lile la baiskeli. Kila jina likapewa kadi yake, na kila kadi ikaelekeza kwa nyingine.

Jambo jingine lililonifanya nicheke ni maneno ya mwanzo. Huko Ulaya desturi ni kuandika katika orodha maneno ya kwanza ya barua, ili barua mbili za siku moja zisichanganywe. Tulifanya hivyo kwa siku nzima. Jioni tulikuwa na kadi arobaini zinazosema namna moja: kwa jina la Mungu, kwa ndugu yangu mpenzi, salamu sana, nasi hatujambo. Barua za Waswahili huanza kwa adabu, na haja huja baadaye. Tukaamua tuchukue maneno yanayofuata pale mwandishi anaposema “baada ya salamu”. Kanuni ya kigeni si lazima itupwe, lakini yafaa ikatwe kwa kipimo cha mwili wetu.

Kisha kuna mahali. Ruangwa ilikuwa sehemu ya wilaya ya Nachingwea mpaka ilipofanywa wilaya ya peke yake mwaka 1995. Mkoa wa Lindi ulikuwa ndani ya Mtwara mpaka mwaka 1971, na wakati wa Waingereza kote huku kuliitwa Jimbo la Kusini. Anayetafuta habari za Ruangwa za mwaka 1950 katika majalada ya Ruangwa atarudi mikono mitupu. Ndiyo maana watunza nyaraka hushika kanuni moja ambayo mgeni huiona ya ajabu: karatasi hupangwa kufuatana na ofisi au mtu aliyezizaa, katika mpango wake mwenyewe, wala si kwa mada. Mafungu ya nyuzi za mkonge hayakufumuliwa kabla ya kupewa namba. Huenda marehemu alikuwa na sababu ya kuweka barua ya shemeji yake pamoja na risiti ya korosho, hata kama sisi hatuioni. Kwa kanuni hiyo hiyo majalada ya utawala wa Kijerumani yaliyomo katika Nyaraka za Taifa mjini Dar es Salaam yaliorodheshwa, na fahirisi yake ikachapishwa Marburg mwaka 1973.

Fungu kubwa kuliko yote lilitoka katika miaka ya mpango wa karanga. Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango huo mwaka 1947 huko Kongwa, ikauendeleza Urambo na Nachingwea, na Januari 1951 ikatangaza kuuacha, baada ya kupoteza zaidi ya pauni milioni 36. Nachingwea ilipata mji na reli. Reli yenyewe ilikuja kufungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kuhusu matrekta, ekari na fedha vitabu vipo vingi. Marehemu alikuwa karani huko kabla ya kusomea ualimu, na barua alizopokea kutoka kwa vibarua wenzake zinauliza mambo mengine: kama mshahara umetoka, kama fulani aliyeumizwa na mti amepona, nani analima shamba la mama. Mwanahistoria wa ekari hawezi kuyapata mahali pengine.

Sasa nije kwenye karatasi yenyewe, kwa ajili ya walimu wa kemia. Barua za Leibniz za miaka ya 1690 zinakunjika hata leo bila kuvunjika. Barua za Nachingwea za mwaka 1950 zilikatika mikononi mwetu. Karatasi ya zamani ya Ulaya ilitengenezwa kwa matambara ya kitani, yenye nyuzi ndefu za selulosi. Ile ya bei rahisi ya karne ya 20 ilitoka katika mbao, ikiwa bado ina lignini, tena ikatiwa shabu ili wino usienee. Shabu huzaa tindikali, nayo tindikali ikisaidiwa na unyevu hukata minyororo ya selulosi vipande vipande. Kwa makadirio, joto likiongezeka nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya mmenyuko huo hukaribia mara mbili. Fikirieni basi sanduku la bati chini ya paa la bati! Tulitoa pini zote zilizoshika kutu, tukapiga marufuku gundi na utepe wa plastiki, tukaandika namba kwa penseli laini tu. Picha zilipigwa kwa simu, karibu na dirisha, mwanga ukitoka ubavuni ili maandishi yaliyofifia yaonekane.

Sitaficha kwamba niliifanya kazi hii kwa hasira kidogo. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda katika ofisi moja, nisiyoitaja, kusoma majalada ya zamani niliyokuwa nimekwisha kuahidiwa. Niliambiwa kwa upole kwamba yalichomwa wiki mbili kabla, kwa kuwa chumba kilihitajika. Hapakuwa na orodha, hivyo hata kilichopotea hakijulikani.

Lakini kuna barua ambazo hazistahili kusomwa na kila mtu. Siku ya tatu Bibi alitusikia tukisoma kwa sauti, akanyoosha mkono akachukua fungu dogo lenye kitambaa chekundu. “Haya ni ya kwangu na yeye,” alisema. Mwanafunzi mmoja alimjibu kwamba historia ni ya wote. Nilimwomba radhi Bibi kwa niaba yake. Sheria ya nyaraka ya mwaka 2002 huziwekea hata karatasi za serikali muda wa miaka 30 kabla ya kufunguliwa. Itakuwaje maneno ya mume na mke yasipewe mlango? Katika orodha fungu hilo lina namba, lina idadi ya barua, na lina maneno haya: limefungwa kwa ombi la familia. Mtafiti atajua kwamba lipo. Wajukuu pia wamekwisha kujua, na moto sasa huwashwa kwa vifuu.

Kadi ya mwisho ilitushinda. Ni ukurasa mmoja wa Kiswahili cha mtu ambaye Kireno ndiyo lugha yake ya shule, umeandikwa Nachingwea Februari 1969, mwezi ule ambao Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO na msomi wa elimu ya jamii, aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa katika kifurushi cha posta. Wapiganaji wa FRELIMO walikuwa na kambi yao Nachingwea tangu miaka ya 1960. Barua za Mondlane mwenyewe zipo Marekani, katika vyuo vya Oberlin na Northwestern alikosoma, kwa sababu barua hukaa kwa aliyeipokea. Huyu wa kwetu anamwambia mwalimu kwamba hatakuja Jumapili, anaomba aangaliziwe mbuzi wake wawili, na anatia sahihi kwa herufi moja tu.

Wanafunzi walitaka kuandika jina walilolikisia. Nilikataa. Kwenye nafasi ya mwandishi wameandika “hajulikani”, kwa penseli, na sanduku limerudi chini ya kitanda, juu ya matofali manne.