Wale farasi wa Forster

Ukurasa wa mwisho wa A Passage to India (1924) utakuacha hoi. Aziz, daktari Mhindi, na Fielding, mwalimu Mwingereza, wako juu ya farasi. Wanataka kuwa marafiki, lakini farasi wanawatenganisha.

Ni mambo ya ukoloni, sawa. Lakini E. M. Forster aliitabaruku riwaya hiyo kwa Syed Ross Masood, kijana Mhindi aliyekuwa amemfundisha Kilatini huko Uingereza. Alimpenda kufa. Masood alitaka urafiki tu.

Angeyaandikaje waziwazi? Enzi hizo mapenzi kati ya wanaume yalikupeleka jela. Uingereza ililegeza sheria 1967. Mwaka wa 1911 Forster aliandika kwenye shajara kwamba amechoshwa na mada moja aliyoruhusiwa: mapenzi ya mwanamume na mwanamke. Akaandika Maurice, kuhusu wanaume wawili wapenzi, akaimaliza 1914, kisha akaifungia. Marafiki wachache tu ndio waliisoma. Ilichapishwa 1971, yeye ashafariki akiwa na miaka 91.

Na baada ya 1924? Hakutoa riwaya nyingine tena. Miaka 46, hebu fikiria.

Sasa rudi usome pale kwa farasi.