Simu janja: Jiulize kazi yake kabla ya kuuliza bei
WENGI wanaoingia katika maduka ya simu Kariakoo, jijini Dar es Salaam, huuliza kwanza bei, kisha ubora wa kamera. Swali linalostahili kutangulia ni hili: simu hiyo utaifanyia kazi gani?

Kwa mfanyabiashara anayepokea malipo kwa simu kutwa nzima, betri ya mAh 5,000 ina manufaa kuliko kamera ya gharama kubwa. Anayehifadhi picha na video nyingi ajue kwamba GB 32 hujaa upesi, kwani sehemu yake huchukuliwa na mfumo wenyewe wa simu.

Jambo linalosahaulika ni masasisho ya usalama. Simu isiyoyapata tena, hata ikiwa bado inang'aa, huweza kuziacha wazi fedha na siri za mwenye nayo.

Kabla ya kulipa, bonyeza *#06# na ulinganishe namba ya IMEI, yenye tarakimu 15, na ile iliyo kwenye boksi. Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizima simu bandia. Waliovutwa na bei ya chini wakabaki na simu zisizopiga wala kupokea. Rahisi iligeuka ghali.