Je, Wajua? Kuta za Jericho, Chembe na Fahamu

Je, wajua kwamba nguo unazoanika mtaani Jericho Lumumba, Nairobi, hukaushwa na jua ambalo, kwa hesabu za fizikia ya zamani, halikupaswa kuwaka? Kitovu cha jua kina joto la takriban nyuzi milioni 15 za Selsiasi. Hata hivyo, protoni husukumana kwa nguvu kiasi kwamba joto hilo halitoshi kuzikutanisha. Kati yao pana kizuizi kama ukuta. Mwaka 1928 George Gamow alionyesha kwamba chembe ndogo inaweza kujikuta upande wa pili wa kizuizi cha namna hiyo bila kuwa na nguvu za kukiruka. Mwaka uliofuata Robert Atkinson na Fritz Houtermans wakaitumia hoja hiyo kueleza nyota zinavyowaka. Kuta za Yeriko ya Biblia zilianguka. Hizi za protoni hazianguki, na chembe inapita.

Je, wajua kwamba kama atomu moja ingepanuliwa ikajaza uwanja wa Camp Toyoyo, kiini chake kingekuwa kama punje ya mtama katikati ya uwanja, pengine kidogo zaidi? Na karibu uzito wote umo katika punje hiyo. Benchi unalokalia halikuachi upenye kwa sababu elektroni hazikubali kurundikana katika hali moja, kanuni aliyoitambua Wolfgang Pauli mwaka 1925. Ugumu wa vitu, basi, ni kanuni kabla ya kuwa kitu.

Je, wajua kwamba Uhuru si jina la mtaa jirani tu? Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikabatizwa Uhuru. Ndiyo ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kuchunguza eksirei za angani, na vipimo vyake vilisaidia kukifanya chanzo kiitwacho Cygnus X-1 kuwa kitu cha kwanza kudhaniwa kwa uzito kuwa shimo jeusi. Roger Penrose, aliyethibitisha kwa hisabati mwaka 1965 kwamba mashimo hayo yanaweza kutokea, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2020. Penrose huyohuyo aliandika mwaka 1989 kwamba akili ya mtu si kompyuta. Baadaye, pamoja na daktari wa nusukaputi Stuart Hameroff, alidai kwamba fahamu huzaliwa na matukio ya kwanta, yaani ya ulimwengu wa chembe ndogo, katika mirija midogo mno ndani ya seli za ubongo. Mwaka 2000 Max Tegmark alipiga hesabu akaona kwamba ubongo una joto na msukosuko mwingi mno: hali hizo za kwanta zingevurugika mapema kabisa kabla ya wazo lolote kuundika. Hameroff na wenzake walimjibu, lakini wanafizikia wengi hawajashawishika, na mimi pia bado.

Je, wajua kwamba nusukaputi ilionyeshwa hadharani Boston mwaka 1846, na hadi leo madaktari hawajakubaliana kikamilifu jinsi inavyozima fahamu? Hata zenoni, gesi isiyopenda kuungana na chochote, inaweza kumlaza mtu.

Je, wajua kwamba neno “mtazamaji” katika fizikia ya kwanta halimaanishi mtu mwenye macho? Hapa naomba tutulie, kwa maana ndipo watu wetu wanapolaghaiwa. Eugene Wigner aliandika mwaka 1961 kwamba huenda fahamu ya mtu ndiyo inayoilazimisha chembe kuchagua hali moja, lakini baadaye aliliacha wazo hilo. Mwaka 2004, watafiti wa Vienna walipasha moto molekuli za atomu 70 za kaboni. Kadiri zilivyotoa nuru ya joto, ndivyo tabia yao ya kusambaa kama mawimbi ilivyofifia. Hakuna mtu aliyekuwa akizitazama. Nuru iliyotoka ilitosha kufichua njia ambazo molekuli zilipitia. Kwa hiyo anayekuuzia bangili au maji ya “nguvu za kwanta” yatakayoponya sukari au presha kwa imani yako, anakuibia, na akikuachisha dawa za kliniki anaweza kukuua. Maada si kokoto ngumu tulizofundishwa shuleni, hilo ni kweli. Lakini si ruhusa ya kuropoka lolote.

Je, wajua kwamba mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake walimwomba mwanamke aliyedhaniwa hana fahamu kabisa awaze anacheza tenisi, na ubongo wake ukawaka palepale unapowaka kwa mtu mwenye afya? Mwili ulikuwa kimya, na mwenyewe alikuwamo.

Je, wajua kwamba mwaka 1998 mwanasayansi Christof Koch aliweka dau na mwanafalsafa David Chalmers kwamba ndani ya miaka 25 tungejua ubongo unavyozaa fahamu? Mwaka 2023 Koch alilipa, kwa mvinyo.

Je, wajua kwamba swali la kama mtu ni maada tu lilijificha hata ndani ya kesi moja ya Kenya? Wakili S. M. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka azikwe Matasia, karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ukataka Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa siku 154 kabla ya kuzikwa Nyalgunga. Miongoni mwa mashahidi alikuwa Henry Odera Oruka, profesa wa falsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyezunguka vijijini kurekodi hoja za wazee wenye hekima. Kama maiti ingekuwa maada tu, nani angegombana miezi mitano juu ya udongo wa kuifunika?

Je, wajua kwamba John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, aliyachukua maneno yetu mawili, Sasa na Zamani, akayaweka katikati ya kitabu chake cha Kiingereza cha mwaka 1969? Alieleza kwamba aliyefariki hubaki katika Sasa maadamu yuko hai mtu aliyemjua na anayemkumbuka kwa jina. Jioni, mama anapotoka mlangoni Ofafa Jericho kumwita mtoto aliyerithi jina la babu yake, wazee waliomjua babu huyo hugeuka.